Mwili Hauzoei Dawa

SWALI: Mdogo wangu ameanza matibabu ya kifua kikuu na kila siku humeza vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa nne. Muuguzi amemwonya kwamba akimeza ovyo ovyo, bakteria watakuwa sugu. Bakteria waliokuwa wakifa kwa dawa jana wanawezaje kuishinda kesho? Au mwili ndio unaoizoea?

JIBU: Ndugu msomaji, mwili hauzoei dawa, wanaobadilika ni bakteria waliomo mapafuni. Tundu moja linalochimbwa na ugonjwa huu kwenye pafu laweza kuwa na bakteria wapatao milioni 100, na kila wanapogawanyika hutokea makosa katika kunakili vinasaba vyao. Mengi hayana athari, lakini takribani bakteria mmoja katika kila milioni huangukia kosa linalomwezesha kustahimili isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo nne, hata kama mgonjwa hajawahi kuonja dawa hiyo. Dawa haimfundishi ujanja wowote. Huwaua wenzake, naye akabaki kuzaliana peke yake.

Sasa piga hesabu. Isoniazidi ikitumika peke yake, katika tundu hilo watasalimika kama bakteria 100, nao wanatosha kuurudisha ugonjwa. Anayestahimili rifampisini, nyingine kati ya hizo nne, ni takribani mmoja katika milioni 100, kwa hiyo wa kustahimili zote mbili kwa pamoja ni nadra mno kupatikana katika pafu lolote.

Jambo hili lilionekana waziwazi Uingereza, katika jaribio la streptomisini, dawa ya kifua kikuu iliyotolewa peke yake, lililochapishwa mwaka 1948. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa hiyo, dhidi ya 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Hata hivyo, makohozi ya wengi waliotibiwa yalikwisha kuonyesha bakteria sugu, na miaka mitano baadaye nafuu ile ilikuwa karibu imetoweka.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa kwa mdogo wako si kusahau kidonge cha siku moja, bali kuchagua dawa moja na kuiacha nyingine. Ndiyo maana zimeunganishwa katika kidonge kimoja. Mkojo wa rangi ya machungwa usimtishe, kwani hiyo ni rifampisini. Macho yakiwa ya manjano au akitapika mfululizo, arudi kliniki mara moja, asijipunguzie dawa mwenyewe nyumbani.