Nendeni kwa treni, rudini kwa baiskeli

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tunasafiri na baiskeli, na tukifika tunalala kwenye nyumba za watu tukiwaangalizia paka na mbwa wao wakati wenye nyumba wamesafiri, huuliza kama mbwa hawaumi. Wachache huuliza baiskeli zinapandaje treni. Hayo yana majibu. Kinachotutoa jasho ni saa. Mbwa ana saa yake ya kula, ya kutoka kujisaidia na ya kuanza kulia mlangoni, na hiyo ndiyo ratiba mtakayoifuata hata kama nyinyi mlijia milima.

Mashirika mengi ya kutetea wanyama hushauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya muda wa saa nne hivi. Kwa mtoto wa mbwa, hata huo ni mrefu mno. Sasa piga hesabu. Mwendo wa starehe, mkiwa na mifuko na vilima viwili vitatu, ni kama kilomita 15 kwa saa. Kilomita 25 zitawachukua saa moja na dakika 40. Ongeza nusu saa ya treni na robo saa ya kusubiri stesheni, bado mna muda wa kukaa chini mkanywa kitu, na mna akiba ya saa nzima. Akiba hiyo msiile. Ni ya pancha.

Wapenzi wengi wa baiskeli hutoka wakiendesha wangali na nguvu, halafu hurudi na treni wakiwa hoi. Kwa siku ya kawaida ni mpango mzuri. Kwa siku yenye mbwa nyumbani, sisi tunaugeuza: treni ya kwenda, baiskeli ya kurudi. Treni ikichelewa asubuhi, mmepungukiwa na matembezi tu, na mnaweza hata kughairi mkarudi ndani. Ikifutwa jioni, mmekwama kwenye stesheni ya watu na mbwa kafungiwa. Treni iliyosimama huwezi kuisukuma, ila tairi lililoisha upepo utaliziba mwenyewe kando ya barabara. Mume wangu hili hajalikubali moja kwa moja. Anasema kusinzia kwenye behewa ukiwa umechoka ndiyo raha yenyewe ya safari. Namwambia, "Mzee wangu, raha hiyo utaifaidi tukiwa na paka."

Kabla ya kukata tiketi, angalieni upepo unaelekea wapi, kisha chagueni stesheni ambayo kutoka hapo utawasukuma mgongoni mpaka nyumbani. Mkiwa na reli inayopanda mlima, hapo mmepata bahati: treni iwapandishe, nyinyi mteremke. Upepo wa mbele mwishoni mwa siku unaweza kuwala nusu saa mliyoihesabia kitu kingine.

Kupandisha baiskeli kwenyewe kunahitaji kuulizia mapema, maana masharti hutofautiana hata kati ya treni mbili za njia moja. Uholanzi, nchi ya baiskeli, kwa kawaida hairuhusu baiskeli isiyokunjwa kwenye treni saa za msongamano siku za kazi, lakini ya kukunja, ikishakunjwa, inahesabiwa kama mzigo. Japani unaingia nayo ikiwa imekunjwa au imefunguliwa magurudumu na kutiwa kwenye mfuko. Mkiwa bado hamjanunua baiskeli na treni mnazipenda, za kukunja zitawaondolea nusu ya maneno na makondakta. Tutakubaliana tu kwamba kwenye kilima kirefu hazina raha.

Kwa baiskeli za kawaida, kazi ifanyike kabla treni haijaonekana. Mifuko ya kwenye keria ishuke yote. Mmoja anapanda mikono mitupu, wa chini anamkabidhi baiskeli moja moja, mifuko inafuata. Ndani, moja ielekee mbele na nyingine nyuma, na upande wenye mnyororo wa kila moja utazame nje. Zikikaa hivyo, pande za kushoto ndizo zinazogusana, na gia hazigongani. Kanda la mpira likizungushwa kwenye breki na usukani kwa pamoja, breki inabaki imebanwa na baiskeli haiteleziteleza kila treni inapofunga breki. Ya kushukia mbali itangulie kuingia. Mnaoshuka pamoja hili haliwahusu, lakini mtu mwingine akiegesha yake juu ya zenu, muulizeni anashukia wapi kabla hajaenda kukaa.

Jambo dogo ambalo wenzi wengi hulidharau ni kuwa na magurudumu ya saizi moja na valvu za aina moja. Mkitofautiana, mnabeba tyubu za aina mbili na pengine pampu mbili. Mkifanana, tyubu moja ya akiba inawatosha wote kwa safari fupi. Na mkiziba pancha, msikimbilie kurudisha tyubu. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, au kitambaa kama unaogopa kujikata, mpaka umpate mwiba aliyefanya kazi hiyo. Akibaki, atatoboa na kiraka. Mkikuta matundu mawili yamekaa sambamba, msitafute mwiba: tairi lilikuwa na upepo mdogo, likabanwa na rimu kwenye shimo. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Sasa turudi ndani, kwa sababu mwendesha baiskeli anaingia kwenye nyumba ya mbwa na hatari ambazo mgeni mwingine hanazo. Fungua mfuko wako wa safari uutazame. Chokoleti ya kurudisha nguvu. Zabibu kavu. Chingamu isiyo na sukari. Ibuprofeni ya magoti. Vyote hivyo ni sumu kwa mbwa. Zabibu huweza kumharibu figo, mbichi na kavu, na zailitoli, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha. Paka naye parasetamoli kidogo tu huweza kumuua. Mifuko yetu hatuiweki chini. Inatundikwa mahali mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma bado haifikii, na ni kitu cha kwanza tunachofanya tukifika, kabla hata ya kuvua viatu. Na mkiwa na moyo wa kuwapelekea wenye nyumba maua, kama wana paka, mayungiyungi (maua ya lili) yasiwemo kabisa. Hata unga wake ukimdondokea paka akaulamba, figo zake ziko hatarini.

Halafu kuna mlango. Mnyama aliyeachiwa wageni hutoroka kwa urahisi zaidi siku za mwanzo, na watu wawili wanaotoa baiskeli ndiyo nafasi aliyokuwa akiisubiri: mlango uko wazi, mikono imejaa, usukani umenasa kwenye fremu, kila mmoja anamwambia mwenzake avute upande wake. Paka hupita chini ya pedali. Sisi kabla ya kugusa baiskeli, paka anaingizwa chumbani na mlango wa chumba unafungwa, kisha mmoja anashika mlango wa nje na kazi yake ni hiyo tu. Baiskeli zikiweza kulala nje mahali salama, bora zaidi. Mbwa naye, hata mwenyewe akiapa kwamba akiitwa anarudi, siku za kwanza hatumfungui kamba. Anarudi kwa mwenyewe. Sisi bado hatujui.

Kuhusu paka anayejificha chini ya kitanda, mwacheni. Msimvute. Weka chakula na maji karibu, kaa sakafuni ukisoma kitu, na ukitazamana naye fumba macho polepole. Wengi hutoka usiku nyumba ikitulia. Kinachotakiwa kuwashtua ni bakuli. Paka asiyekula siku nzima ni wa kumpigia simu daktari wa wanyama, na hasa akiwa mnene, kwani paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta hujikusanya kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo. Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga akijikamua bila mkojo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama treni yenu inaondoka baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo maswali ya kuwauliza wenye nyumba yanaanzia kwa daktari: ni nani, yuko wapi, na je, wameshamwarifu kwamba nyinyi mna ruhusa ya kumpeleka mnyama na kwamba gharama ni juu yao? Pateni ruhusa hiyo kwa maandishi. Kisha ulizeni mbwa huwa anaachwa muda gani kwa kawaida, siyo muda gani "anaweza". Majibu ya maswali haya mawili hayafanani. Mwambieni mwenye mbwa awapimie chakula mbele yenu, kwa kikombe kile kile anachokitumia. Funguo ziwe seti mbili, kwa sababu mtu mmoja huweza kubaki na tyubu barabarani na mwingine akatangulia kumtoa mbwa.

Mkivuka mpaka, angalieni masharti ya viza kwanza. Maafisa wa uhamiaji wa baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, huweza kuhesabu kulala bure kwa kubadilishana na kutunza mnyama kuwa ni kazi, na viza ya utalii hairuhusu kazi.

Barabarani, wa polepole ndiye anayetangulia. Ndiye mimi, nasema bila haya. Mwenye kasi akiwa mbele huwa anapumzika kilimani akimsubiri mwenzake, na mwenzake akifika tu yeye anaondoka. Bora mwenye kasi abebe mifuko mizito, mwendo utajisawazisha wenyewe na magomvi yatapungua. Tiketi na saa za treni ziko kwake, funguo na mambo ya mnyama yako kwangu, na hakuna anayemwingilia mwenziwe mpaka aulizwe.

Siku ya kuondoka ndiyo inayopangwa vibaya na watu wengi. Wenye nyumba wanasema ndege inatua mchana, nyinyi mnakata tiketi ya asubuhi isiyobadilishika, ndege inachelewa mpaka usiku, na mbwa anakaa peke yake siku nzima. Tiketi ya siku hiyo iwe ya kubadilisha, ingawa huwa ni ghali zaidi, na kama ratiba inaruhusu ondokeni wenye nyumba wakiwa wameshaingia ndani. Sisi asubuhi hiyo mbwa tunamtembeza kama kawaida, tunafua mashuka, tunajaza tairi upepo. Stesheni tunaangalia treni ya saa ngapi inafuata tukishakabidhi funguo mkononi.