Dawa ya presha ikikosekana dirishani

Dada uliyeuliza ufanyeje dawa ya presha ya mama ikikosekana hospitali, usikimbilie kununua kwa pesa yako. Kama mama ana kadi ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, na dawa imekosekana kwenye dirisha la dawa hapo hospitali ya Newala, rudi kwa daktari uombe fomu ya bima ya kuchukulia dawa nje, ijazwe na kusainiwa, ndipo uende duka la dawa lenye mkataba na NHIF. Si kila duka lina mkataba huo, uliza kabla ya kupanga foleni. Na mkienda kliniki yake ya sukari hospitali ya Ligula, Mtwara, bebeni daftari lake la kliniki na maboksi ya dawa zote anazomeza. Na asigawe vidonge nusunusu ili vifike mwisho wa mwezi, wazee wetu wana mchezo huo!