Mizani 16 zimetimia, mbona mshororo unayumba?

SWALI: Assalam aleikum. Nimetunga ubeti wa malisho baada ya mvua. Kila mshororo nimeuhesabu mizani (silabi) 16, lakini mwenzangu asema wa pili una guni, yaani kasoro. Guni iko wapi? Na umbo lake laitwaje?

Masika yameshanyesha, malisho yamechanua,
Ng'ombe wanajilisha, mgongoni wapata jua,
Upepo waburudisha, nyasi zinajiinua,
Bonde limetuamsha, kwa harufu ya maua.

Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Hesabu yako ni sahihi, na mwenzako pia hakukosea. Kilichoharibika ni mgao. Shairi la namna hii, lile alilolitunga sana Muyaka bin Haji hapa Mombasa, hutaka mizani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 za utao, nusu ya pili. Yakate maneno: ng'o-mbe-wa-na-ji-li-sha, 7, m-go-ngo-ni-wa-pa-ta-ju-a, 9. Ukiuimba, sauti itafika kwenye mkato mapema, kisha ikimbizane na maneno.

Wengi hupotezwa na m. Litie neno katika wingi. Mbuyu huwa mibuyu, basi m yake ni silabi kamili: m-bu-yu, 3. Mbuzi hubaki mbuzi: mbu-zi, 2. Ndiyo sababu mgongo ni 3 na ng'ombe ni 2. Maneno mafupi kama mbwa na nchi hayafuati kipimo hiki; m-bwa ni 2, n-chi ni 2. Iangalie na m ya katikati: li-me-tu-a-m-sha. Ukiiruka, utaudhania mshororo wa mwisho umepungua.

Ungeweza kuanza na "Na ng'ombe", lakini hiyo "na" ni kiraka tu. Afadhali:

Ng'ombe wanajishibisha, mgongoni kuna jua.

Nyasi zilizolazwa na mvua kisha zikajiinua ni picha nzuri mno. Usiiguse.

Vina vimetulia, -sha kati na -ua mwisho. Kwa mishororo 4 ni tarbia. Kwa vipande 2 katika kila mshororo ni mathnawi. Ukivishika vina hivyo hadi ubeti wa mwisho, utapata mtiririko. Vya kati vikibadilika na vya mwisho vikabaki, ni ukara. Vikibadilika vyote, ukaraguni. Mshororo wa nne ukiurudia kila ubeti utakuwa kibwagizo, na huo wa harufu ya maua waweza kuibeba kazi hiyo.