Maswali Yenu: Ruta inawaka, intaneti hakuna

SWALI: Ruta yangu ya faiba inawaka na simu inashika waifai, lakini hakuna kinachofunguka. Nibonyeze kile kitufe kidogo cha nyuma, cha Reset? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usikiguse kwanza. Kitufe hicho hufuta kila kitu: jina la waifai, nywila, na mara nyingi taarifa za akaunti alizoingiza fundi wa kampuni. Bila hizo hupati intaneti hata ruta ikiwa nzima.

Tazama taa. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta: waya wa faiba umekunjwa mno, umechomoka au umekatika huko nje. Unyooshe taratibu, usichungulie ncha yake, kisha ipigie kampuni simu. LOS ikiwa imezimika na PON (taa ya kuunganishwa na mtandao wa kampuni) inawaka bila kumetameta, zima ruta, ngoja sekunde 30, washa, uipe dakika chache. Bado? Angalia kama kifurushi hakijaisha, wengi husahau.

Ukilazimika kukibonyeza kitufe cha Reset, iombe kampuni taarifa za akaunti kabla. Ruta ikiwa imewashwa, kishikilie kwa pini kama sekunde 10 mpaka taa zizimike na kuwaka upya. Nywila ya kuanzia imeandikwa kwenye kibandiko chini yake; ibadilishe siku hiyo hiyo.