Jibu: Kupunguza if zilizorundikana unapokagua safu

Ndugu, umeuliza utazipunguzaje zile if (masharti ya programu) tatu, moja ndani ya nyingine, unapokagua kama safu, yaani orodha ya namba, inapanda tu au inashuka tu. Tatizo si wingi wa if. Unaamua mwelekeo mapema mno, kwa kutazama namba mbili za mwanzo; zikilingana, kama kwenye [2, 2, 1], unalazimika kuongeza sharti jingine, na jingine tena.

Anza kwa kukubali yote mawili, kwamba inapanda na kwamba inashuka, kisha ziache namba zenyewe zikatae (hii ni Python; iweke ndani ya function yako; True ni kweli, False ni si kweli):

```
inapanda = inashuka = True
for i in range(1, len(safu)):
    if safu[i] < safu[i-1]: inapanda = False
    if safu[i] > safu[i-1]: inashuka = False
return inapanda or inashuka
```

Namba zikilingana, hakuna kinachobadilika. Safu tupu, au yenye namba moja, inarudisha True bila kuandikiwa sharti lake, na kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko ufupi wa msimbo. Safu ikiwa ndefu sana, weka break (amri ya kusimamisha mzunguko wa for) pale zote mbili zinapokuwa False.

Ipitishe [1, 3, 2] kwa mkono: 3 inafuta inashuka, 2 inafuta inapanda, jibu False.