Nani anamlea mlezi mkuu wa chekechea?

Juzi dada mmoja wa Mafinga, msimamizi wa kituo cha kulelea watoto, kaniandikia: "Madam, mbele ya wazazi bosi ananisifia, lakini jioni anawapigia walimu wangu kuwauliza nimefanya nini. Usingizi sipati. Nifanyeje?"

Yamenipata hayo, mdogo wangu.

Kabla sijafungua kituo changu hapa Uyole, nilisimamia chekechea ya mtu mjini Mbeya. Mwenyewe alikuwa anaishi Dar. Saa moja asubuhi mimi nipo getini napokea watoto, na Julai ya Mbeya mnaijua, mtoto anafika na masweta mawili na kamasi juu. Ada nadai mimi. Mtoto kang'atwa na mwenzake, mama anafoka kwangu. Afisa ustawi wa jamii akija kukagua, faili nazitoa mimi. Ikifika jioni, bosi anampigia mpishi: leo sukari imetoka kilo ngapi? Meneja kaondoka saa ngapi?

Mpishi ndiye aliyeniambia, kwa aibu, huku anasugua sufuria la uji. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini tangu hapo kila mwalimu niliyemkuta na simu koridoni nilihisi ananisema. Tumbo likaanza kuniwaka. Mpaka leo nikikutana na yule bosi pale Mwanjelwa namwamkia, ila shikamoo yenyewe inatoka nusu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa: nguvu zinakwisha, kazi unaichukia, na unajiona hufanyi la maana. Zote tatu nilikuwa nazo. Kanisani niliambiwa nifunge na kuomba. Nilifunga, na vidonda vya tumbo vikazidi.

Tangu serikali izindue programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, Desemba 2021, kila semina tunahimizwa malezi yenye mwitikio: mtoto akilia, muitikie. Sawa kabisa. Na meneja akilia, anaitikiwa na nani?

Basi fanya hivi. Mwandikie bosi ujumbe wa heshima kwamba maswali yote ya kituo yaje kwako kwanza. Uandike, usipige simu. Anzisha daftari la stoo, atakayetoa unga na atakayepokea wote wasaini, na kila Ijumaa mtumie picha ya ukurasa. Hofu ya bosi aliye mbali mara nyingi ni sukari tu. Halafu, nasisitiza, usiwafanyie walimu wako anayokufanyia yeye. Ukiwa na swali kuhusu mwalimu, muulize mwalimu. Muulize yeye, si mwenzake!

Nanyi wenye vituo mnaonisoma: usiyemwamini mwachishe kwa barua, kwa kufuata sheria. Mpishi muachieni uji wake. Kwangu walimu hawakimbii, na siri ni hiyo hiyo, simu zangu zinapita mlango wa mbele.

Dada wa Mafinga, tuma huo ujumbe wiki hii. Bosi akiendelea na simu zake za jioni, niletee barua ya maombi. Januari nahitaji mtu wa darasa la miaka mitatu, na nauli ya kuja kwenye usaili nitakurudishia.