Kabla fundi hajang'oa mazabodi, ulizia habari ya leseni

Mimi ni fundi wa kompyuta, Morogoro. Mteja aliyebadilishiwa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) akirudi na uso wa shari, mara nyingi laptopu yenyewe ni nzima. Inawaka, inashika Wi-Fi, chaji inaingia. Kilichomrudisha ni yale maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini kulia, "Activate Windows", na zile sehemu za kubadilisha rangi na picha ya skrini zimefungwa. Anadhani amepewa bodi mbovu, kumbe tatizo ni leseni ya Windows. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimeona bora niliandike.

Leseni ya Windows 10 na 11 haikai kwenye diski. Ndiyo maana kuchukua SSD yako na kuichomeka kwenye bodi nyingine hakukuletei leseni, hata kama mafaili yako yote yapo. Unapoamilisha (yaani "activate", kuithibitisha leseni) mara ya kwanza, Microsoft inaweka kwenye seva zake alama inayotokana na vifaa vilivyomo ndani ya mashine, na kifaa chenye uzito kuliko vyote katika alama hiyo ni mazabodi. Ongeza RAM, badilisha diski, hakuna atakayekuuliza. Badilisha bodi, na mashine inakuwa kama gari lililobadilishwa chesisi: rangi ileile, viti vilevile, ila kwenye makaratasi ni gari jingine.

Kuna na la pili. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu huandika ufunguo wenye herufi na tarakimu 25 ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya kuiwashia mashine, kiwandani. Ile karatasi ya kubandika chini ya mashine, tuliyoizoea enzi za Windows 7, imepitwa. Ufunguo uko kwenye chipu ya bodi, na bodi ikitupwa, ufunguo umekwenda nayo.

Sasa bodi mpya inatoka wapi? Huku kwetu, nyingi zimenyofolewa kwenye laptopu nyingine iliyovunjika skrini au kumwagikiwa maji pembeni. Bodi hiyo inakuja na ufunguo wa mwenyewe wa zamani. Wakati mwingine hiyo ni bahati yako, kwa sababu ukipiga Windows upya inajiamilisha bila kukuuliza lolote. Lakini ikiwa laptopu yako ilikuwa na toleo la Pro na bodi imetoka kwenye mashine ya toleo la Home, programu ya kusakinisha inausoma ule ufunguo wa BIOS na kukuwekea Home kimyakimya, bila hata kukupa nafasi ya kuchagua. Ndipo mtu anauliza mbona Remote Desktop (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) ya kazini haikubali tena kuingia kwenye mashine yake. Bodi za spea zinazotoka kwa mtengenezaji, kwa upande wake, mara nyingi huja tupu. Fundi aliyeidhinishwa ndiye mwenye programu ya kuandika namba ya mashine na kurudisha leseni. Kama laptopu yako bado ina waranti, usinipe mimi. Wapelekee wao.

Kwa hiyo la kufanya kwanza, kabla bisibisi haijagusa kitu, ni kujua una leseni ya aina gani. Bodi nyingi hazifi ghafla. Zinaanza kuzimika zenyewe, au zinakataa chaji mpaka ushikilie waya kwa pembe fulani. Tumia muda huo. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika slmgr /dli, ubonyeze Enter. Kijidirisha kitakachotokea kina neno moja unalolitafuta. Likiwa RETAIL, leseni ilinunuliwa peke yake na unaruhusiwa kuihamisha. Likiwa OEM_DM, ilikuja na mashine na imefungwa kwenye bodi. Likiwa VOLUME_KMSCLIENT, ni leseni ya ofisi au kampuni, na hapo kuna maneno, nitayafikia. Piga picha kwa simu. Kisha ingia Settings, System, Activation (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Activation), uone kama imeandikwa kwamba leseni imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft. Kama haijaunganishwa, iunganishe siku hiyohiyo. Huo uwezo upo tangu toleo la Agosti 2016, na bila huo, njia nitakayoitaja hapo chini haitakufaa.

Watu wengi huuliza kama hii OEM basi ndiyo imekufa. Masharti ya Microsoft yanatofautisha mambo mawili. Bodi ikibadilishwa kwa sababu imeharibika, na ya badala yake ni ya aina ileile au ile ambayo mtengenezaji anaikubali kuwa sawa nayo, huhitaji kununua leseni nyingine. Ukiibadilisha kwa kutaka tu yenye nguvu zaidi, hiyo inahesabiwa kuwa kompyuta mpya. Ndiyo maana risiti yangu huandika "bodi imepiga shoti, imebadilishwa na ya modeli ileile". Ukiwasiliana na huduma kwa wateja, sentensi hiyo ina kazi.

Kuna jambo linaloniumiza kichwa kuliko leseni, na watu hawaliulizii kabisa. Alikuja mwalimu wa sekondari, laptopu imebadilishwa bodi kwa fundi mwingine. Anaiwasha, inatokea skrini ya buluu inayodai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wa tarakimu 48. Ndani mna matokeo ya darasa zima.

"Fundi, mimi sijawahi kuweka nenosiri la namna hii."

Na kweli hakuweka. Laptopu nyingi za siku hizi hujifungia diski zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, na kufuli hilo hutegemea chipu ya TPM, inayotunza funguo za usalama, iliyoko kwenye bodi. Bodi mpya, TPM mpya, diski inagoma. Nikamwambia, "Mwalimu, tulia, tuanze na simu yako." Tukafungua aka.ms/myrecoverykey, akaingia kwa barua pepe ambayo alikuwa ameshaisahau, na funguo zikajitokeza kwenye orodha. Skrini ya buluu huonyesha utambulisho wa ufunguo. Linganisha herufi nane za mwanzo na zile za kwenye orodha, maana mtu anaweza kuwa na mashine zaidi ya moja. Ikafunguka. Asingeukuta ufunguo, si mimi wala fundi wa Kariakoo ambaye angeyapata yale mafaili. Kwa hiyo kama mashine yako bado inawaka, zima BitLocker au andika zile tarakimu kwenye daftari kabla hujaileta.

Tuseme bodi imeshawekwa na maandishi ya kijivu yameshatokea. Kwenye ukurasa wa Activation, msimbo wa hitilafu 0xC004F211 maana yake Windows imegundua vifaa vimebadilika. 0xC004F213 ni kwamba haikuona ufunguo wowote kwenye mashine. Rudi Activation, bonyeza Troubleshoot, kisha chagua "I changed hardware on this device recently". Ingia na akaunti yako, tafuta jina la laptopu yako ya zamani kwenye orodha, weka alama kwamba ndiyo unayoitumia sasa, kisha amilisha. Ili ikubali, lazima toleo liwe lilelile: leseni ya Pro haitashika kwenye Home. Kama bodi imekulazimishia Home, fundi anaweza kuweka faili dogo la ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye flashi ya kusakinishia Windows, na programu ya kusakinisha itakuacha uchague toleo. Na usipoteze muda kuhangaika na ufunguo wa Windows 7 uliokutwa kwenye kava la chini. Microsoft iliufunga mlango huo Septemba 2023.

Ukiona 0x8007232B, mashine inatafuta seva ya kampuni isiyokuwepo. Hii ni ya laptopu nyingi za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Dubai. Leseni ya KMS (ile ya VOLUME_KMSCLIENT) hudumu siku 180 kila inapohuishwa, na nje ya mtandao wa kampuni hakuna wa kuihuisha. Hapo, ondoa hiyo Windows, uweke toleo ambalo BIOS ya bodi ina ufunguo wake. Mara nyingi ufunguo wa Pro umelala humo ndani siku zote. Utauona kwa kuandika kwenye PowerShell: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Kuhusu kraki, zile programu za kuamilisha Windows bila leseni, nitasema kifupi. Fundi akikwambia zima antivairasi kwanza ndipo "aiamilishe", mwombe akurudishie mashine yako. Humo ndimo unamofungulia akaunti ya benki. Na zile funguo za bei ya chee mtandaoni, nyingi zilishauzwa kwa wengine kabla yako. Huwaka leo, kesho zinarudisha 0xC004C008, kwamba ufunguo umeshatumika kupita kiasi.

Njia zote zikigoma na hela ya leseni haipo, Windows haitakuzimia mashine. Itakusumbua kwa maandishi tu na kukunyima picha ya skrini. Mama mmoja mwenye duka la stesheneri hakuyataka hayo maandishi yaonekane mbele ya wateja wake, nikamwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia nyaraka. Printa yake imekubali, skana ndiyo bado tunabembelezana nayo.